Fyuzi ya Mama Mkwe

Bora niseme mwenyewe, maana mkisimuliwa na wengine mtatiliwa chumvi: mimi ndiye yule mtu aliyetangaza kwa ukoo mzima, kwa majirani na kwa katekista kwamba mama mzazi wa mke wangu amerukwa na akili. Sikukusudia. Lakini aibu haikuulizi ulikusudia nini, na mpaka leo nikipita sokoni Lushoto na furushi langu la nguo kuna watu wananiita Fundi Fyuzi, na mimi naitika, nifanyeje.

Kwanza mjue kazi yangu. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, magauni ya kanisani, na nabana suruali za mitumba za wale wanaonunua kwa macho bila kujaribu. Nalisema hili mapema kwa sababu mkosi wote ulianzia kwenye hilo neno fundi, ambalo kwa Kiswahili chetu anapewa anayeshona, anayejenga, anayetengeneza redio na hata anayeng'oa meno ya watu kwa koleo, wote mafundi, hakuna wa kutubagua.

Mama mkwe, Mama Deo, anaishi peke yake kijijini, juu kidogo ya Gare. Mumewe alifariki miaka mitatu iliyopita na kaburi lake liko nyuma ya nyumba, karibu na miti ya peasi. Mwaka jana wakati wa masika yule mama alibandika maharage, akasinzia, moto ukashika kuni zilizokuwa zinakaushwa pembeni ukala nusu ya paa la jiko. Hakuumia hata kidole. Lakini watoto wake walikaa kikao, na Deo, mkubwa wao, anayeishi Dar, akasema sasa basi, mama anahama. Mama akasema hahami, mume wake yuko hapa na yeye yuko hapa. Ndipo mke wangu, Fides, akaleta suluhu: inunuliwe maikrowevu, Mama Koleta jirani awe anapika sufuria la makande kila baada ya siku mbili, na mama abaki na kazi ya kupasha tu, asiwashe moto tena. Deo akakubali kwa sharti moja, akalitamka mbele yetu sote: tukisikia jambo lingine lolote, mama anakuja Dar na hakuna mjadala.

Mama aliipenda ile mashine kuliko tulivyotarajia. Aliiita kipasha. Aliifunika kwa kitambaa cha kudarizi kama redio za zamani.

Basi bwana, Ijumaa moja ya mwezi wa saba (mnaijua baridi yetu ya mwezi wa saba, ukungu unaingia mpaka ndani ya kikombe) nikapanda kumpelekea gauni nililomshonea kwa ajili ya misa ya kumbukumbu ya mumewe, iliyokuwa Jumapili ile. Nikapiga hodi, nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba mkwe wangu, karibu." Nikakaa kwenye kiti cha mlangoni, maana ndipo mahali pangu. Sisi huku mkwe ni mkwe. Miaka kumi na minane nimemuoa Fides, sijawahi kumtazama mama yake usoni nikazungumza naye kwa kirefu, sijakanyaga jikoni kwake, na jina lake silitaji hata nikiwa peke yangu shambani. Sasa siku hiyo yule mama akasimama mlangoni pa jiko, akashika fremu, akasema kwa sauti ya chini:

"Mkwe, ingia huku jikoni."

Nilishtuka nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia. Nikaingia nimeinamisha kichwa.

Akafunua kile kitambaa. Akanieleza kwamba jana jioni umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo mpaka taa zikang'aa kupita kawaida, kipasha kikasema *tap!* mara moja, na tangu hapo kimya. Hakiwaki taa, hakiungurumi. Alikula makande ya baridi usiku na ya baridi asubuhi.

"Nimekiua," akasema. "Deo akisikia, Jumatatu niko Dar, nimekaa kwenye kochi naangalia ukuta wa jirani. Wewe si fundi?"

Hapo sasa. Hapo ndipo ningesema, mama, mimi ni fundi wa nguo, ngoja nimlete mwenye kazi yake. Maneno kama kumi tu. Lakini mtu hajawahi kukuomba kitu kwa miaka kumi na minane, leo anakuomba, utasema hujui? Na isitoshe (niseme ukweli wangu) nilijisikia. Kwenye ukoo wa wakwe zangu kuna mhasibu, kuna nesi, kuna Deo mwenye gari, na mimi mshona sare. Nikakohoa kidogo kama mtaalamu.

"Ndiyo mama. Hilo ni dogo."

Nikachomoa waya ukutani, hilo nilikuwa na akili nalo. Nikafungua plagi, nikatoa fyuzi yake, nikaweka ya kutoka kwenye pasi. Kimya. Nikatoa mfukoni bisibisi yangu ndogo ya cherehani, nikafungua skrubu za nyuma, nikalivua lile bati. Mama nilimpa kazi mbili: ashike tochi ya simu yake, na aishike ile sahani ya kioo inayozunguka ndani, nisije nikaivunja. Akakaa chini kwenye mkeka, akaizungushia khanga ile sahani, akaipakata. Na kweli, karibu na mahali waya unapoingilia nikaiona, kifyuzi chembamba cha kioo, ndani kimekuwa cheusi. Nikafurahi kama nimeokota dhahabu. Ila cha kuweka badala yake sina, na lile dude lililobaki mle ndani, masumaku na mawaya mekundu, likaanza kunitisha.

Nikaamua kumwuliza Bakari. Bakari ni rafiki yangu, fundi redio, kibanda chake kinatazamana na changu pale Lushoto. Ndani ya nyumba ya mama mtandao wangu haushiki, mpaka upande kwenye jiwe nyuma ya choo. Nikapanda. Dakika za kupiga zimeisha, bando la ujumbe lipo. Nikafungua simu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikagusa jina la juu kabisa, maana asubuhi ile mtu wa mwisho kuandikiana naye alikuwa Bakari, nikaandika haraka haraka, jumbe fupi fupi, kama ninavyomwandikiaga yeye siku zote bila salamu:

"Mama mkwe fyuzi imekata."

"Ni tangu jana jioni. Nimejionea mwenyewe, imekwisha kabisa."

"Hataki watoto wake wajue. Nataka tulimalize leo hii kimya kimya."

"Ukiweza panda sasa hivi. Njoo na vifaa vyako."

Nikaweka simu mfukoni, nikashuka kwenye jiwe, nikarudi ndani ambako hakuna mtandao.

Jamani. Wakati mimi napanda lile jiwe, Deo huko Dar alikuwa amekumbusha watu habari ya misa ya Jumapili, na kwamba yeye hatapata nafasi ya kuja. Alikumbushia wapi? Kwenye lile grupu la msiba wa baba yao, lililofunguliwa miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya michango ya mazishi na halikufungwa, mnajua magrupu ya msiba yalivyo, marehemu anapumzika, grupu halipumziki. Grupu likapanda juu, Bakari akashuka chini, na mimi nikagusa la juu. Wamo humo watoto wote, wajomba, mashangazi, jumuiya nzima ya kanisani, na katekista ndiye aliyelifungua.

Na kosa lenyewe ni dogo kiasi gani? Ni "ya". Ningeandika "ya mama mkwe fyuzi imekata", mtu yeyote angejua kuna kitu cha mama kimekata fyuzi. Nimeiruka "ya". Na mtu akiambiwa fulani fyuzi imekata, kuna asiyejua maana yake?

Mimi huko jikoni sina habari. Nimepiga magoti, nimepata karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara kwenye rafu (ya marehemu bado, mama hakuitupa), nataka kukizungushia kile kifyuzi ili umeme upite, kama tulivyokuwa tunafanyia redio za mkulima enzi hizo. Mama ananimulikia. Imepita kama saa nzima na nusu tangu nitume, nashangaa Bakari hatokei. Mara tukasikia wimbo. Sauti za akina mama, wimbo wa polepole, unapanda kutoka bondeni.

"Nani amefariki?" mama akaniuliza.

Wimbo ukakaribia, ukafika uani, ukaingia. "Tumsifu Yesu Kristo," na katekista yuko mbele, amevaa koti la mvua, mkononi chupa ya maji ya baraka na rozari. Vifaa vyake hivyo. Nyuma yake akina mama tisa au kumi, Mama Koleta akiwa wa kwanza. Wakasimama mlangoni wakatuona: mashine imepasuliwa tumbo, mimi nimepiga magoti na kikaratasi cha sigara, na mama mzima wa miaka sabini na kitu amekaa chini, amepakata sahani ndani ya khanga.

"Maskini," mmoja akanong'ona. "Anadhani ni mtoto."

Mama Koleta akajitoa mbele, akainama mpaka uso wake ukawa usawa wa uso wa mama, akaongea kwa sauti kubwa na polepole, kama anaongea na mgeni asiyejua lugha.

"Mama Deo! Unanifahamu? Mimi ni nani?"

Sasa mumjue mama mkwe. Yule mama ulimi wake ni mkali na utani wake hauna tabasamu. Na alikuwa na jambo lake na Mama Koleta, alimwazima mbegu za maharage akarudishiwa zilizotobolewa na wadudu, tangu hapo wanasalimiana kwa ajili ya Mungu tu. Akamtazama toka juu mpaka chini.

"Sikujui," akasema. "Nilikuwa na jirani akiitwa Koleta, lakini alipotea msimu wa maharage."

Akina mama wakashika midomo. Mmoja akaanza kulia kabisa. Katekista akasogea, akauliza kwa upole, "Mama, leo ni siku gani?"

"Ni siku mliyoingia jikoni kwangu bila hodi."

Katekista akafumba macho, akafungua chupa, akaanza kunyunyiza. Matone yakamwangukia mama, mengine yakaelekea kwenye mashine iliyo wazi, na mimi nikaruka nikapiga kelele, "Msimwagie maji, ana umeme!" (Nilimaanisha kipasha. Nilisema "ana". Nilikuwa nimechanganyikiwa.) Wakarudi nyuma wote kwa pamoja, sasa wananitazama na mimi.

Simu ya katekista ikaita. Mtandao wake yeye unashika humo ndani. Akaweka sauti ya nje. Alikuwa Deo.

"Yupo? Ametulia? Tafadhali msimwache peke yake. Nimeshaomba ruhusa kazini, kesho naondoka alfajiri. Nguo zake zifungwe. Na huyo shemeji yangu yuko hapo? Shemeji, mbona ulitaka kumaliza kimya kimya?"

"Kumaliza nini?" nikauliza.

Katekista akanipa simu nisome. Nikasoma maneno yangu mwenyewe, moja baada ya jingine, na chini yake watu wameweka mikono ya kusali, mistari mirefu ya mikono, na Fides mke wangu ameandika, "Mama yangu jamani," halafu hakuandika tena.

Nikaanza kueleza. Fyuzi ni hii hapa, tazameni, ni ya mashine, nilikuwa namwandikia Bakari. Deo akaniuliza kwenye simu, "Na hiyo ya kutotaka watoto wajue?" Nikasema hiyo ni kweli lakini. "Lakini nini?" Nikajikwaa. Kila nilipozidi kueleza nilizidi kuzama, na Mama Koleta akamwambia mwenzake, kwa sauti ya huruma tupu, "Mkwe mwema huyu, anamfichia."

Mama alikuwa bado amekaa kwenye mkeka. Akauliza kimeandikwa nini. Akanigeukia mimi.

"Soma."

Ikabidi nimsomee. Mimi, mkwe, nimsomee mama mkwe mbele ya watu kwamba fyuzi yake imekata. Nilisoma jumbe zote nne. Alipomaliza kusikiliza aliiweka ile sahani chini taratibu, akainuka kwa kushika meza, akajifunga khanga yake.

"Nilikuomba kimya," akasema. Akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba, akina mama wawili wakamfuata wakae naye asije akapotea.

Sijawahi kulia mbele ya watu tangu nikue, ila siku ile nilienda nyuma ya choo.

Jumamosi asubuhi na mapema nilimpandisha Bakari kwa pikipiki, na kifyuzi kipya mfukoni mwake. Ijumaa nilipomtafuta alikuwa msikitini, simu imezimwa. Njiani nikamweleza nilivyofungua na nilivyotaka kufanya na karatasi ya sigara, akamwambia mwenye pikipiki asimame. Akashuka kabisa. "Wewe mtu," akaniambia, "mle ndani kuna kitu kinatunza umeme hata ukichomoa waya. Ungekigusa, tungekuwa tunapanda na jeneza. Na ungewasha na hiyo karatasi yako, jiko lingeungua mara ya pili." Hakucheka. Hilo la jiko kuungua tena lilinichoma.

Kazi yenyewe ilimchukua dakika zisizozidi ishirini, na nyingi alitumia kupima kwa kile chombo chake chenye nyaya mbili, na kuhakikisha ule umeme uliobaki ndani umekwisha. Akaweka kifyuzi, akafunga bati, akachomeka. Taa ikawaka, sahani ikazunguka. Akamwambia mama kwa heshima, "Mama, hukuiua. Umeme ulirudi na nguvu, fyuzi ikakatika ili mashine ipone. Ndiyo kazi yake."

"Haya," mama akasema. "Kamwambie na Deo."

Deo alifika saa nane mchana. Bakari akamweleza, nikamweleza, tukamwonyesha kifyuzi cheusi. Akaelewa habari ya ujumbe, tena alicheka, akanipiga begani. Nikadhani yamekwisha. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Sawa, fyuzi ni ya mashine. Lakini Mama Koleta, jirani wa miaka arobaini, kwa nini mama hakumtambua? Na siku kwa nini hakuijua?" Akamgeukia mama, akasema kwa sauti ya upole ambayo ilikuwa mbaya kuliko ukali, "Mama, twende ukapumzike wiki mbili tu."

Wote tuliokuwa pale tulizijua hizo wiki mbili. Mama alizijua kuliko sisi. Alitazama ukungu unavyopita uani, kisha akasema ataondoka Jumatatu, hana ugomvi, ila Jumapili ataingia kwanza kanisani na gauni lake jipya. "Na huyu," akasema, akaninyooshea kidole, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane akanitazama machoni, "neno alilitoa mbele ya watu, alirudishe mbele ya watu."

Sasa mimi ni Mlutheri. Kanisani kwao naingiaga siku za misiba na harusi tu, nakaa benchi la mwisho, sijui ni wakati gani wa kupiga magoti. Jumapili hiyo, baada ya misa, wakati wa matangazo, katekista akaniita mbele. Kanisa limejaa. Fides yuko benchi la tatu, ameinama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri usiku kucha (yenye mstari wa Biblia na kila kitu), nikafika pale nikayasahau yote, nikajisikia nasema tu:

"Mimi siyo fundi wa umeme. Mimi ni fundi cherehani. Mama aliniuliza nikaona haya kusema sijui. Nikafungua kitu nisichokijua, nikaandika ujumbe bila kusoma jina, nikaruka neno moja. Mama mkwe wangu hana tatizo lolote. Aliyekata fyuzi ni mimi."

Mzee mmoja upande wa wanaume akaanza kucheka, akajizuia, ikawa mbaya zaidi, kicheko kikashika benchi kwa benchi, mpaka wanakwaya, mpaka watoto ambao hawakuelewa. Nilisimama pale mikono mfukoni nikiwangoja wamalize. Niliona waziwazi kwamba kitakachobaki cha jina langu katika milima hii ni hicho.

Lakini katikati ya kicheko Mama Koleta akasimama. Hakuitwa na mtu.

"Na mimi niseme," akasema. "Mama Deo alinitambua vizuri sana. Alinisema. Nilimrudishia mbegu mbovu nikijua ni mbovu, nikaona nyepesi kusema amechanganyikiwa kuliko kusema ameniumbua." Akakaa, akajifunika uso kwa kitenge.

Sasa hakuna aliyecheka. Nikamwona Deo anamtazama mama yake, na mama yake anatazama mbele altareni, mgongo umenyooka, kama hayupo kwenye hadithi hii. Deo aliondoka siku ileile baada ya chakula, gari tupu. Chakula chenyewe mama alimpashia mwenyewe, dakika mbili, akamwekea mezani.

Mngetaka niishie hapo, na mimi ningetaka. Ila yapo mengine mawili.

La kwanza ni la kwangu. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kitu nisichokijua nasema sijui, mapema, kabla hata hajamaliza swali, Fides anasema nimezidi. Na sitaandika tena jambo la mtu kwenye simu kabla sijasoma jina lililo juu mara mbili. Kwenye grupu la msiba nimejitoa, wakaniingiza tena, nimeacha.

La pili ni la mama. Watoto wake wanampigia kila Jumapili jioni, wanampenda, sina shaka. Lakini siku hizi kila simu ina kiswali chake kidogo kimefichwa ndani: mama, juzi ulikula nini? Mama, yule mtoto wa shangazi anaitwa nani vile? Wanauliza wakicheka. Naye anajua wanachouliza. Anajibu kwa uangalifu, neno kwa neno, kama mtu aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Mwezi uliopita nilimpandishia shuka nilizompindia. Nikakaa kiti changu cha mlangoni, akaniletea chai, akasimama na birika mkononi muda mrefu kuliko kawaida.

"Mkwe," akasema, "zamani nilikuwa nikisahau kitu, nimesahau, basi. Siku hizi nikisahau jina la mtu naogopa. Nakaa hapa peke yangu nalitafuta mpaka nilipate, ndipo nilale."

Nilitaka kumwambia kila mtu anasahau, hata mimi nasahau, si kitu. Yalikuwa yameshafika mdomoni. Nikayameza.

"Nisamehe mama," nikasema. "Ni mimi niliyekuwekea hofu hiyo."

"Najua," akasema, akanimiminia chai. "Kunywa, itapoa."